Kule Nzilo Hatulii

12 Machi 1993, Kolwezi

Mvua tangu asubui. Direkta wa masomo alituita mu biro, sie bote benye bazazi yao ilitoka Kasai, na alisema kazi yetu imekwisha, Katanga haitaki tena batu ya Kasai. Alisema kwa eshima, mukono juu ya kifua: "Mwalimu Ntambwe, haitoki kwangu." Nilimurudishia ufunguo ya kalasi, na vipande ya chaki yenye ilibakia mu mufuko. Mi nilizaliwa hapa Kolwezi. Kasai sijaiona hata siku moja. Baba yangu njo aliletwa na bazungu kuchimba shaba, na hata yeye hawakumuuliza kama anapenda.

Nilirudi nyumbani, nilikula bukari na sombe, nililala. Sisikii kitu mu moyo.

15 Machi

Mvua. Nilitengeneza muguu ya kiti.

17 Machi

Dodo hanisalimii tena. Dodo ni bibi ya Kabemba, dereva, jirani wetu wa lupango ya pembeni. Kabemba ni Muluba wa kaskazini ya hapa Katanga, si Muluba wa Kasai sawa sie. Dodo alilelewa ku misioni ya baprotesta kule Sandoa, anaimba mu kwaya, na mudomo wake haujatoa neno chafu tangu aumbwe. Miaka yote hii tuliombana moto na chunvi juu ya ukuta. Leo alinipita na ndoo ya mayi ku kichwa, macho mbele, sawa mi ni muti ya umeme.

Ngalula, bibi yangu, alisema: "Anaogopa."

"Na sie hatuogopi?"

"Sie tunaogopa, lakini tunasalimia," alisema, na alienda kutwanga.

19 Machi

Mbuyi aliuliza kama lundi, jumatatu ya Pasaka, tutaenda Nzilo. Mbuyi ni mutoto wetu, binti, anaingia mu mwaka wa kumi. Mama yake alisema ndiyo.

Nzilo njo fasi muto Lualaba inapasua mulima na inapita chini kabisa, katikati ya majiwe, na kelele ya mayi inakuingia mpaka mu meno. Kampuni ya shaba ilijenga pale fasi ya kupumuzika: payoti, bibanda ya majani, meza ya simenti, fasi ya kuchoma samaki, ukuta mufupi juu batoto basianguke. Kila lundi ya Pasaka Kabemba anatupeleka na kamio, lori yake, avenue muzima, na kuku na bidoni na gitari. Batu banafikiri tunaenda juu ya samaki. Sie tunaenda juu ya Kabanga.

Mbuyi na Kabanga balizaliwa mapasa, babili ya tumbo moja. Kabanga alikufa na surua mbele ya kuota meno. Mu jamaa yetu mapasa haendi ku makaburi na batu bengine, anazikwa mu udongo yenye baridi, karibu na mayi. Mama yangu njo alichagua Nzilo, chini ya payoti ya mwisho, pale matete inaota. Na mapasa akikufa, hatulii. Hata chozi moja. Tunasema alienda kutafuta chunvi. Ukilia, unamuita ule mwenye alibakia amufuate mwenzake. Na kila kitu unamupa Mbuyi, unatoa mara mbili: sahani mbili, nguo mbili, bonboni mbili.

Mi ni mwalimu, nilisoma, siamini byote. Lakini sikulia, na nguo nilinunua mbili.

22 Machi

Balikuya jana, nyuma ya misa. Vijana. Bengine nilibafundisha kusoma. Majiwe ilianguka juu ya bati, na sauti: "Bilulu! Murudi kwenu!" Bilulu, ni kusema dudu. Mumoja nilitambua sauti yake, mutoto wa kalasi ya tano wa zamani, alikuwa anasoma kuliko bote. Nilifikiri: hata leo anatamka muzuri. Majiwe inaanguka juu ya nyumba yangu na mi ninamupa pointi. Njo kichwa niliyo nayo siku hizi.

Ngalula alifunga bitu mu mashuka. Mbuyi alibeba nguo zake, mbili mbili. Mi nilichukua godoro na saa ya ukuta. Saa yenyewe haitembei tangu mwaka jana. Musiniulize sababu gani nilichukua saa.

Kabemba alisimama mu mulango yake. Hakurusha jiwe. Dodo sikumuona.

Sasa tuko ku lagare, stesheni ya reli, na batu bote ya Kasai ya Kolwezi, juu ya simenti na juu ya majani, tunangojea treni ya kutupeleka fasi hatujui. Treni haiko.

24 Machi

Mvua. Treni haiko.

27 Machi

Batu balienda kung'oa milango ya manyumba yao na banaisimamisha hapa sawa ukuta. Unapiga hodi ku mulango, na nyuma yake hakuna nyumba, kuko mama anapika. Jirani wetu sasa ni Mama Kabedi, muzee mwenye mudomo mukali, anauza mandazi na anajua mambo ya kila mutu. Alituambia tangu siku ya kwanza kama mashuka yetu tuliitundika mubaya. Ni kweli. Mvua inaingia juu, chini na pembeni.

Leo Ngalula alingojea Mbuyi alale, alikaa mbele yangu.

"Sha-Mbuyi, sikia." Njo vile tunaitana, tangu mapasa: mi Sha-Mbuyi, baba yake, yeye Mwa-Mbuyi, mama yake. "Treni ikifika, mi siingii kama hatujaaga Kabanga."

"Bariere iko njiani, Mwa-Mbuyi. Vijana beko na mapanga."

"Tukienda bila kumuambia, ataona mwenzake haiko. Atamuita. Unataka amuite?"

"Mutoto wa mwili mufupi, alikufa miaka yote hii, anajua treni?"

"Basi we uingie. Utatuandikia kutoka Kasai."

Ngalula si mwanamuke wa kelele. Akisema kitu polepole vile, imekwisha. Sasa najua: treni ikikuya, mi nitasimama mu mulango ya wago na mutoto, na yeye atabakia chini, na vijana batamukuta. Niliangalia hiyo picha mu kichwa, nilingojea moyo iruke. Haikuruka.

31 Machi

Batoto banaharisha. Balizika mumoja leo. Mama yake alilia, na lagare yote ililia naye. Mi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, niliifunga, niliifungua, niliifunga.

3 Aprili

Kabemba alifika. Alisimama mbali kidogo, kofia mu mikono.

"Mwalimu, nyumba yako… kama mi siingii, mwingine ataingia. Balisha kuanza kuzunguka."

"Ingia," nilisema. "Bomba ya nyuma inavuja. Usiifunge sana, itavunjika."

Aliinamisha kichwa. Nilifikiri ataenda, lakini Ngalula alisimama na mukono ya unga.

"Kabemba, utaingia. Avokado inazaa, utakula. Lakini lundi ya Pasaka utatupeleka Nzilo, sawa kila mwaka."

"Mwa-Mbuyi! Ku bariere batatuua bote!"

"Sawa kila mwaka," alisema.

Kabemba aliangalia kamio yake, aliangalia mi, aliangalia mawingu. Alisema sawa. Nilimuchukia na nilimushukuru, byote bibili, lakini kwa mbali, sawa redio ya jirani.

6 Aprili

Mvua. Treni haiko. Mama Kabedi aligombana na mutu juu ya sufuria.

9 Aprili, Ijumaa Kuu

Padri alikuya. Hakuhubiri. Alikaa chini na sie.

12 Aprili, lundi ya Pasaka

Tulienda.

Kabemba alitulaza mu kamio, chini ya mifuko ya makala, ile makaa ya kupikia, yenye haina kitu ndani. Mavumbi yake ilituingia mu pua, na Mbuyi alikuwa anataka kupiga chafya, mama yake alimukamata pua njia yote. Kitu sikufikiria: mbele, karibu na Kabemba, Dodo alikuwa amekaa, na roba ya kwaya, nyeupe pe, kola ya buluu.

Ku bariere kamio ilisimama. Niliona kwa tundu ya mufuko muguu ya kijana mumoja na ncha ya panga. Aliuliza munabeba nini. Njo Dodo alijibu, na sauti ya kanisa: tunaenda kuchukua makala ya mama pasta, na wewe mwana wa Mama Mignonne, mbona sikukuona ku ibada jana, uko mugonjwa? Ule kijana alisema hapana mama, nilikuwa na kazi. "Kazi gani inapita Pasaka?" Alituachia njia. Dodo aliimba wimbo ya ufufuko mpaka tulipita mulima. Sijui kama alishawahi kusema uongo mbele ya siku ile. Kama hapana, alijifunza haraka.

Nzilo ilikuwa wazi. Miaka mingine yote unatafuta fasi ya kuweka kikapu, leo hakuna mutu. Batu balisha kubeba majani ya payoti na miti yake. Ilibakia meza ya simenti, mustari mustari, inangojea bageni. Mvua ilisimama. Mayi ilijaa mpaka ukuta mufupi ilikuwa inatetemeka, na Lualaba ilikuwa inapita kule chini na hasira yake ya kila mwaka, haina habari na direkta, haina habari na lagare. Mbuyi alikimbia mpaka ku ukuta, alirusha jiwe, alisikiliza. Alikuwa anacheka. Nilisahau kama mutoto anaweza kucheka.

Tulishuka ku matete. Kabemba alibakia ku kamio, Dodo alitufuata nyuma kidogo. Ngalula alifuta udongo na mukono. Aliweka sahani mbili, bukari kidogo na samaki kidogo ndani ya kila moja. Alikunja moja ya nguo mbili za Mbuyi, ile ya maua, aliiweka chini, na jiwe juu. Nyuma alisema, polepole, sawa unaongea na mutu wa mu chumba ya pili:

"Kabanga, we mwenye ulienda kutafuta chunvi. Sie tunatoka. Banatufukuza. Wewe, hakuna mutu anaweza kukufukuza, kwako ni hapa. Ukirudi na chunvi usitutafute ku nyumba. Na mwenzako umuachie, tunakulomba. Usimuite."

Alinigeukia. "Sha-Mbuyi, na we sema."

Nilifungua mudomo. Mi mwenye nasema mu kalasi kutoka asubui mpaka saa sita, sikupata kitu. Nilisema: "Baki muzuri, mwanangu." Njo byote.

Hapo Dodo alilia.

Haikuwa kulia ya kujificha. Ilikuwa sauti yote ya kwaya, yenye ilifungwa mu kifua tangu siku ya majiwe, na iliingia katikati ya majiwe ya Nzilo. Na Nzilo haimezi sauti. Iliirudisha kutoka ngambo, tena kutoka chini, tena kutoka ngambo, mpaka ilikuwa sawa kanisa muzima ya bamama banalilia mutoto wetu. Ngalula aliruka, alifunga masikio ya Mbuyi na mikono yake miwili. "Nyamaza! Dodo, nyamaza, utaniulia mutoto!" Na mulima ilisema mutoto, mutoto.

Dodo hakuelewa. Alipiga magoti mu matope na roba yake nyeupe. "Munisamehe, Mwa-Mbuyi, sikuwasalimia, munisamehe, niliogopa, munisamehe." Alikuwa analia juu yetu. Hakuna mutu alimuambia kama pale hatulii. Ku misioni mambo ya mapasa balibakatazia yote, hata kuitaja. Alikuwa anatupa kitu kikubwa kuliko byote alikuwa nacho, na ilikuwa ile yenyewe haipaswi kutolewa pale.

Kurudi, Mbuyi aliuliza chini ya mifuko: "Papa, Kabanga alisikia?" Nilimuambia alale.

14 Aprili

Mbuyi iko na homa.

15 Aprili

Homa. Infirmiere, muuguzi wa masista, alimupa kinini na mayi ya sukari na chunvi. Hashiki kitu mu tumbo. Mvua yote usiku.

16 Aprili

Ngalula anamufuta mutoto uso na kitambaa, anaiweka mu mayi, anamufuta tena. Sikusikia anilaumu, na ingekuwa heri anilaumu.

Mama Kabedi alifunua shuka yetu bila hodi na aliinama juu ya Mbuyi. "Nani alilia?"

Ngalula alimuambia.

"Muluba wa Kasai, sawa sie?"

"Hapana. Wa Sandoa. Wa kwaya."

"Ee, mama! Wa kwaya!" Mama Kabedi alikaa juu ya ndoo. "Basi hakuna njia mbili. Mwenye alilia, njo atakuya kutukana."

Niandike hii, juu mambo yenyewe inasahaulika. Siku mapasa banazaliwa, bamama bote banakuya na kucheza, na banatukana bazazi. Matusi ya kweli, ya kuleta aibu, na mwenye anatukanwa anacheka na anarudisha. Mapasa ni batoto ya furaha na ya vurugu. Banasikia raha pale batu banatukanana na kucheka. Siku ya kwetu mama yangu mwenyewe aliniita mbuzi dume mbele ya avenue muzima, na shangazi yangu alisema bitu juu ya Ngalula siwezi kuandika. Chozi inamuita mutoto kule. Tusi na kicheko inamurudisha huku.

Siamini byote. Homa ni mayi chafu ya lagare, hata mi naweza kuifundisha ku ubao. Lakini nilivaa viatu.

17 Aprili

Nilipita nyuma ya manyumba, saa ya mvua kubwa, wakati vijana banajificha ndani. Nilifika kwangu. Nilipiga hodi ku mulango yangu.

Dodo alifungua na fagio ku mukono. Aliniona, alinivuta ndani haraka. Nyumba ilikuwa safi kuliko zamani. Pale saa ilitundikwa, alama yake ilikuwa ingali nyeupe ku ukuta. Nilimuambia byote, nimesimama, mayi inanitoka ku nguo juu ya simenti yenye alisha kufagia.

"Nitukane?" alisema. "Mi? Mbele ya batu?"

"Mbele ya lagare yote. Na usilie. Hata kidogo."

"Mwalimu, mi sijui kutukana. Tangu utoto."

"Utajifunza."

Basi nilimufundisha. Nilisimama mu salon, sebule yenye haiko yangu tena, na yeye alikaa ku kiti, ile ya muguu nilitengeneza, mikono mu mapaja sawa mwanafunzi wa siku ya kwanza. "Sema: Ntambwe, babili mara moja, unashindana na mbuzi?" Alisema kwa sauti ya kulomba musamaha. Nilimuambia arudilie, kifua mbele. "Ngalula, tumbo sawa mufuko ya bunga ya kampuni!" Alifunika uso. Kabemba alisikia kutoka ku jikoni, aliingia, aliongeza moja yenye iligusa matako yangu. Dodo alipiga kelele: "Kabemba!" na alicheka mpaka fagio ilianguka. Tulicheka bote batatu. Kabemba mwenye alichukua nyumba yangu, na mi. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Mwisho nilimufundisha namna ya kuzuia machozi: unafungua macho sana, unaangalia kitu cha mbali, hupepesi. Hiyo najua muzuri.

18 Aprili, siku ya Mungu

Alikuya nyuma ya ibada. Na ile roba ya kwaya, alisha kuifua, lakini udongo ya Nzilo haikutoka ku magoti. Alikuya peke yake, mwanamuke wa Katanga, katikati ya batu yenye Katanga inafukuza. Alisimama mbele ya mashuka yetu, alipumua, na alitoa ile sauti:

"Ntambwe! Kichwa sawa sufuria ya kuungua! Babili mara moja, unashindana na mbuzi?"

Lagare yote iliamuka. Batu tangu mwezi moja banatukanwa njiani, na sasa banafuatwa mpaka hapa? Kijana mumoja alishika chuma. Mukendi, mwenye zamani alikuwa anauza bia mu depo, alisema: "We mama, unatafuta kufa?" Dodo hakuacha.

"Na we Ngalula! Tumbo sawa mufuko ya bunga! Mulikosa kazi ya kufanya na giza?"

Njo Mama Kabedi alipiga mukono. "Acheni! Ni ya mapasa! Anatukana mapasa, bajinga nyie!" Na yeye mwenyewe alimurudishia moja, chafu kabisa, mpaka Dodo alikosa pumuzi. Kicheko ilianza pale karibu, ilienda mbali, sawa moto ya majani. Bamama balitoka nyuma ya milango na balianza kucheza mu matope, na nyimbo za mapasa, zile zenye padri anajifanya hazisikii. Balinitukana kila kitu. Pua, viatu, mushahara. Ule kijana aliweka chuma chini na alinitukana mama yangu. Nilirudisha. Mungu wangu, nilirudisha!

Ngalula alimutoa Mbuyi inje mu mikono. Mutoto alifungua macho, aliangalia Dodo. Alisema polepole: "Mama Dodo, we ni bata."

Dodo aliangalia kule mbali, juu ya bati ya lagare, hakupepesa.

19 Aprili

Alikunywa uji. Mara mbili.

20 Aprili

Homa imeshuka. Ya kinini ao ya matusi, siulizi.

26 Aprili

Mvua haikukuya. Baridi asubui.

4 Mei, Tenke

Treni ilifika jana bila kutuambia, wago za mizigo, bila viti. Tulisukumana mpaka tuliingia. Nilimupa Ngalula mukono kutoka juu ya mulango, na nilimuangalia usoni. Aliishika, alipanda. Saa ya ukuta niliiacha ku lagare, juu ya mulango ya mutu.

Kabemba hakukuya. Pembeni ya reli vijana balijaa, na treni ilianza kutembea polepole, na balitukimbilia na yote ile: bilulu, murudi, muende. Batu mu wago baliinamisha kichwa. Mi niliinamisha yangu.

Nyuma nilisikia sauti moja juu ya yote.

"Ntambwe! Mbuzi we! Mbuzi dume wa kukosa haya!"

Alikuwa anakimbia juu ya majiwe, viatu mu mukono, kati ya bale vijana, na bale balifikiri ni mwenzao, balimupigia mikono. Mbuyi alipita katikati ya miguu ya batu mpaka ku mulango, nilimukamata nguo, aliinama inje na alipiga kelele: "Bata! Mama Dodo, bata ya matope!"

"Mbuzi! Mutoto wa mbuzi! Babili mara moja!"

Alikimbia mpaka pale majiwe inakwisha. Alisimama. Nilimuona muzuri, mpaka kona. Macho yake ilikuwa wazi kabisa, anaangalia mbali, hapepesi, sawa nilimufundisha.